Kampeni ya Kufuta Ujinga na Hesabu Zake

Usiku wa kuamkia mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Taifa kwa redio, akautangaza mwaka uliokuwa ukiingia kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo, kwa makadirio yaliyotokana na sensa ya 1967, watu wazima kama 67 katika kila 100 wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mkutano Mkuu wa TANU wa Septemba 1971 ukaagiza kwamba ujinga huo ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa 1975. Mtihani wa kwanza wa taifa ulifanywa Agosti 1975, na ikatangazwa kuwa wasiojua wamepungua hadi 39 katika 100. Mtihani wa 1977 ukaonyesha 27, wa 1981 ukaonyesha 21, wa 1983 ukaonyesha 15, na wa 1986 ukaonyesha 9.6. Nchi chache sana barani Afrika zilipata kutangaza matokeo kama hayo, na sifa zilizotolewa na mataifa mengine hazikuwa za bure.

Miaka miwili tu baadaye ikaja sensa ya 1988. Katika hesabu zake, watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama 59 katika 100. Mwaka 1986 walikuwa 90. Mwaka 1988 wakawa 59. Watu 31 katika kila mia walikwenda wapi?

Swali hilo si la kuwadhihaki waliofanya kazi ile. Ni swali la sayansi, na linastahili kujibiwa kwa utaratibu wa sayansi, yaani kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine mpaka zibaki zile zisizoondoleka. Haiwezekani kuwa walikufa. Hakuna maradhi yachaguayo wasomi. Haiwezekani kuwa tofauti imeletwa na Zanzibar, ambayo imo katika sensa lakini haikuwamo katika kampeni ya Bara, kwa maana idadi ya watu wake ni ndogo mno kuweza kuivuta asilimia ya nchi nzima kiasi hicho. Zinabaki sababu mbili. Ama hesabu mbili zile hazikupima kitu kimoja, ama watu walijua kisha wakasahau. Ukweli ni kwamba zote mbili zilitenda kazi, na kila moja ina somo lake.

Kwanza, kipimo. Mitihani ya kisomo iligawa wanafunzi katika hatua nne. Aliyefika hatua ya tatu aliweza kusoma sentensi fupi iliyo rahisi, kuiandika, na kufanya hesabu ndogo za kujumlisha na kutoa. Aliyefika hatua ya nne aliweza kusoma na kuandika ujumbe mfupi, kusoma gazeti, na kuweka daftari la mapato na matumizi yake. Aliyefaulu hatua ya tatu alihesabiwa kuwa ujinga umemtoka. Hapa ndipo mlipo kiini cha mambo. Kati ya mtu anayesoma sentensi ya maneno matano ubaoni, sentensi aliyokwisha kuiona mara ishirini darasani, na mtu anayelifunua gazeti asilolijua akalielewa, kuna safari ndefu. Asilimia iliyotangazwa iliwaweka wote wawili kapu moja.

Tena mitihani hiyo ilisimamiwa na wizara ile ile iliyokuwa ikifundisha, chini ya agizo lenye tarehe. Si lazima mtu adhani udanganyifu. Mratibu wa elimu ya watu wazima ambaye wilaya yake inangojwa kutoa taarifa, akimwona bibi wa miaka hamsini na mitano akihangaika na herufi za mwisho za sentensi, atampa alama. Nani asingempa? Wema kama huo ukirudiwa mara laki kadhaa hugeuka takwimu.

Izingatiwe pia kuwa mwaka 1975 walioandikishwa katika madarasa walizidi milioni 5, na waliofanya mtihani walikuwa kama milioni 3.8. Watu zaidi ya milioni moja wamo katika madaftari lakini hawakuonekana siku ya mtihani. Wapo waliokuwa shambani, waliokuwa wajawazito, waliokuwa wamechoka, na bila shaka wapo waliojua kuwa watashindwa. Mwenye kupima matokeo ya dawa kwa wagonjwa waliorudi hospitali peke yao hufanya kosa ambalo mwanafunzi yeyote wa sayansi hana budi kulitambua.

Sensa nayo ina ila yake, tena kubwa. Karani wa sensa hampi mtu karatasi asome. Humwuliza mkuu wa kaya kama fulani na fulani wanajua kusoma na kuandika, na kwa lugha ipi, akajaza jibu. Mume aweza kumkana mkewe. Baba aweza kumsifu mwanawe. Kwa kawaida dodoso la namna hii huvimbisha hesabu kuliko kuipunguza, maana ni wachache wapendao kukiri mbele ya mgeni kuwa hutia dole gumba. Ushahidi wa jambo hili umo kwa majirani. Tarehe 12 Desemba 1978 Rais Daniel arap Moi alitangaza kuwa Kenya itafuta ujinga kwa muda wa miaka mitano, na mwaka uliofuata watu zaidi ya laki nne wakajiandikisha. Mwaka 2006 Kenya ilifanya uchunguzi uliowapa watu maandishi halisi wayasome, badala ya kuwauliza tu. Ilionekana kuwa waliojua kusoma walikuwa 61.5 katika 100, na waliofikia kiwango cha kuridhisha cha umahiri hawakufika hata 30. Basi huenda hata ile 59 ya Tanzania ya 1988 ilikuwa ya ukarimu.

Sasa kuhusu kusahau. Watu wengi hudhani kuwa kusoma ni kama kuogelea: ukishajua umejua. Kwa mtoto aliyekaa darasani miaka saba dhana hiyo inakaribia ukweli. Kwa mtu mzima aliyehudhuria saa mbili mara tatu kwa juma, chini ya mwembe au kwa mwanga wa kandili, si kweli hata kidogo, na sababu yake imo katika ubongo. Msomaji mpya huisoma herufi moja moja, kisha huziunganisha kuwa silabi, kisha silabi kuwa neno. Kumbukumbu inayoshika mambo ya papo hapo huyahifadhi kwa sekunde chache tu. Kama neno la tano linafikiwa baada ya neno la kwanza kufutika, sentensi haipatikani, hata kama kila neno limetamkwa sawasawa. Ndiyo maana watu wengi waliotoka katika madarasa ya ngumbaru waliweza kusoma kwa sauti bila kuelewa walichokisoma. Hawakuwa wajinga, walikuwa wa polepole. Na dawa ya upolepole ni mazoezi mengi tu, mpaka jicho lilitambue neno zima kwa mara moja, kama linavyoutambua uso wa jirani.

Kiswahili, kwa bahati njema, ni lugha rahisi kuisoma. Kila herufi ina sauti yake, na silabi hurudi zile zile: ma, me, mi, mo, mu. Mwingereza humsumbua mtoto wake kwa miaka kuhusu herufi zisizotamkwa. Mkulima wa Ukerewe hakuwa na shida hiyo. Shida yake ilikuja baadaye, alipokwisha kujua. Alikuwa na nini cha kusoma?

Waliopanga kampeni walilijua hilo, na lazima wapewe haki yao. Kati ya 1968 na 1972, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kulikuwa na mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, makao yake Mwanza. Ulikuwa mmoja wa miradi mikuu iliyofanywa katika nchi kumi na moja. Huko ndiko kilikokomazwa kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa: mtu ajifunze herufi kwa njia ya kazi yake. Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba, wa migomba kitabu cha migomba, mvuvi cha uvuvi, mfugaji cha ng'ombe, na akina mama, ambao walikuwa wengi kuliko wanaume katika madarasa mengi, walipewa vitabu vya malezi na mapishi. Mwaka 1974 likaanzishwa huko gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Vikafuata vyumba vya maktaba vijijini na vipindi vya redio. UNESCO ilipoitathmini miradi ya nchi zote kumi na moja mwaka 1976, iliona kuwa kati ya watu kama milioni moja walioandikishwa, waliohitimu hawakuzidi sana laki moja na elfu ishirini. Hesabu hiyo iliwavunja moyo wengi duniani. Tanzania haikuvunjika moyo, na hapo ilifanya vyema.

Lakini gazeti huhitaji karatasi, karatasi huhitaji fedha za kigeni, na lori la kulipeleka huhitaji petroli. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, na uchumi uliodidimia mwanzoni mwa miaka ya 1980 viliikausha mifereji yote hiyo kwa pamoja. Walimu wa kujitolea, ambao wengi wao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, walikuwa wakipewa posho ndogo. Posho ilipochelewa, darasa lilisinzia. Kandili bila mafuta ya taa ni chuma tu. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo asilimia ilikuwa ikipanda katika taarifa za wizara, maandishi yalikuwa yakitoweka katika vijiji. Katika mambo yote ya kampeni ile hakuna linalosikitisha kuliko hili, na ndilo lililozungumzwa kidogo kuliko yote.

Je, basi, kampeni ilikuwa kazi bure? Wapo wasemao hivyo, hasa tangu miaka ya 1990, lakini maoni hayo hayastahimili uchunguzi. Watu 33 katika 100 walipanda na kufika, tuseme, 59 katika muda wa miaka ishirini na mmoja, huku idadi ya watu nchini ikikaribia kuongezeka maradufu. Sehemu ya kupanda huko ililetwa na shule za msingi, ambazo baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 zilipokea karibu watoto wote. Hilo halina ubishi. Lakini vijana wa 1974 hawakuwa peke yao katika sensa ya 1988. Waliohesabiwa ni pamoja na mama zao.

Na kuhusu mama hao kuna ushahidi, ingawa umetoka mbali. Nicaragua iliendesha kampeni ya miezi mitano mwaka 1980, ikatangaza kuwa wasiojua wamepungua kutoka 50 hadi 13 katika 100. Hesabu hiyo nayo imetiliwa shaka, kwa sababu zile zile. Ila baadaye watafiti, Peter Sandiford na wenzake, walifanya jambo la busara ambalo halikufanywa mahali pengi. Waliwatafuta wanawake wa aina tatu: waliojifunza kusoma shuleni utotoni, wasiojua kabisa, na wale ambao hawakupata shule bali walijifunza wakiwa watu wazima. Kisha wakalinganisha maisha ya watoto wao. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kuwa watoto wa mama waliojifunza ukubwani walikufa kwa uchache kuliko wale wa mama wasiojua, na hawakudhoofu kwa utapiamlo kwa kiasi kile kile. Tofauti ilionekana zaidi pale ambapo huduma za afya zilikuwa mbali. Mwanamke aliyeshika kitabu kwa miezi mitano tu! Huenda hakuwa msomaji hodari. Lakini alikwisha kukaa darasani, alikwisha kuuliza swali mbele ya watu, na alipokwenda zahanati hakuona haya kumwuliza mganga mara ya pili.

Tanzania ina mfano wake katika jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, vikiongozwa na viongozi kama 75,000 waliopewa mafunzo. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu. Haikuhitajika kila mmoja ajue kukisoma, alihitajika mmoja. Huyo alisoma kwa sauti, wengine wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kuziba madimbwi ya mbu. Wanauchumi Kaushik Basu na James Foster waliandika mwaka 1998 kuwa yafaa kumtenga katika hesabu mtu asiyejua kusoma anayeishi na mtu ajuaye, kwa maana huyo hakukosa kila kitu. Wazee wa vijijini hawakungoja waambiwe hayo. Tangu zamani barua ya kijiji kizima husomwa na mtoto mmoja.

Hapo inafaa kulirudi kosa jingine, la wale waliohubiri kuwa herufi zitageuza akili. Sylvia Scribner na Michael Cole walilichunguza kabila la Wavai wa Liberia, ambao wana maandishi yao wenyewe, wanayofundishana nyumbani bila shule. Kitabu chao cha 1981 kilionyesha kuwa kujua maandishi hayo hakukumfanya mtu awe mwerevu katika kila jambo. Kulimfanya awe hodari katika yale anayoyafanya kwa maandishi, kama vile kuandika barua ya kueleweka. Jambo hilo lingewafaa sana waandaaji wa vitabu vya kisomo. Pia lingewafaa waliofika Mafia, mojawapo ya wilaya za kwanza kuchaguliwa kwa majaribio ya kufuta ujinga, wakiwa na vitabu vya herufi za Kirumi. Pwani yote ya Waswahili watu walikuwa wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya chaki ya serikali kufika, na mzee aliyeweza kuisoma hati ya shamba la babu yake kwa herufi hizo alistahili kuitwa kitu kingine, si mjinga.

Cuba hutajwa daima katika mjadala huu, kwa haki. Mwaka 1961 vijana kama laki moja walitumwa mashambani na taa zao. Watu zaidi ya laki saba wakajifunza, na wasiojua wakapungua kutoka karibu 24 hadi karibu 4 katika 100. Kinachosahauliwa na wenye kuitaja ni kwamba Cuba ilianza na watu 76 katika 100 wajuao tayari, na kwamba baada ya bendera kupandishwa madarasa hayakufungwa. Waliohitimu walipelekwa mbele, hatua kwa hatua, hadi darasa la sita. Somalia, kwa upande mwingine, iliipa lugha yake maandishi ya Kilatini mwaka 1972, ikafunga shule na kuwatuma wanafunzi nyikani mwaka 1974. Ukame ukawakuta huko huko, kambi za kisomo zikageuka kambi za chakula, na miaka ya vita iliyofuata ikayafagia mengi yaliyopatikana.

Yaliyotokea Tanzania yako katikati ya hayo mawili. Kampeni ilifaulu katika kazi inayoiweza kampeni: kuwatoa watu nyumbani, kuwaondolea haya, kuwafikisha kwenye silabi. Haikufaulu katika kazi isiyoiweza, ya kumfanya msomaji awe msomaji, kwa sababu hiyo ni kazi ya miaka na haina tarehe ya kuisherehekea. Kosa halikuwa tarehe ya 1975 yenyewe; bila tarehe ile huenda wasingepatikana walimu wala ubao. Kosa lilikuwa kuiamini asilimia kiasi cha kudhani kuwa iliyobaki ni mabaki. Sensa ya 2002 ilipata wasomaji kama 69 katika 100, ya 2012 kama 78. Hesabu ya 1986 bado haijafikiwa katika sensa hizo, na hakuna aliyeomba radhi kwa ajili yake.

Shule ya sekondari inaweza kufanya katika muhula mmoja uchunguzi ambao madaftari ya kisomo hayakuufanya. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wachague kila nyumba ya kumi katika kijiji, si nyumba za jamaa zao, si zilizo karibu na barabara. Wabebe karatasi tatu: stakabadhi ya mazao, maelezo ya dawa ya malaria kama yalivyochapishwa na kiwanda, na habari fupi ya gazeti ya juma hilo. Wasiulize kama mtu anajua kusoma. Wamwombe asome, wahesabu muda, kisha wamwulize alichoelewa. Na ajuaye herufi za Kiarabu apewe za Kiarabu. Waandike pia karatasi zilizomo ndani ya nyumba hiyo, ni ngapi na za nini, ikiwa ni pamoja na kalenda ya ukutani. Na mama atakayeomba aachiwe ile habari ya gazeti aliyoisoma, aachiwe.